Theluji pwani, bara kukavu

Dada, umeuliza ilikuwaje Januari 2018 theluji ikaanguka Charleston, mji wa pwani kusini mwa Marekani, huku Columbia, ulio ndani bara na kwa kawaida una baridi zaidi, ukiambulia patupu. Baridi peke yake haitoshi, lazima pawe na unyevu. Dhoruba ile ilipita baharini, sambamba na ufuo. Huko Atlantiki kuna mkondo wa maji ya uvuguvugu, Gulf Stream, na hewa ya baridi ya bara ikikutana na hewa ya juu ya maji hayo, dhoruba inapata nguvu kwelikweli. Ukingo wake wa magharibi ndio ulioigusa pwani, Charleston ikapata kama sentimita 13. Ndani zaidi hewa ilikuwa kavu. Hapo chembe za theluji hugeuka mvuke kabla ya kutua. Dhoruba kama hiyo ikisogea kidogo tu kuelekea nchi kavu, mambo hupinduka: bara theluji, pwani mvua tupu, maana upepo wa bahari huleta joto. Sisi huku Dar es Salaam tumezoea kuona Kigamboni, ufukweni, wanalowa na Kimara, ndani zaidi, wameanika nguo, ingawa mvua zetu zina sababu nyingine.