Kanda za doluka kwenye kompyuta: nifute WAV nibaki na MP3?

SWALI: Assalaam alaykum, fundi. Niko Bombo, Uganda. Mwanangu alizihamishia kwenye kompyuta kanda zetu za doluka, ngoma za harusi za mama zetu, zikawa faili za WAV, zile kubwa zisizobana sauti. Nina pia MP3 nyingi nilizopewa na watu, na WMA za kompyuta ya zamani. Sasa diski imejaa. Kijana wa dukani ananiambia nigeuze kila kitu kiwe MP3, nifute zilizobaki. Nimsikilize? Na nikigeuza MP3 kuwa FLAC, ile aina ya faili isiyopunguza sauti, sauti itasafika?

JIBU: Wa alaykum salaam, mama. Tafadhali usifute WAV hata moja kwanza. Kanda huchakaa kila inapochezwa, na deki nzima za kuzichezea zinazidi kuadimika. Huenda faili hizo zikabaki kuwa nakala bora kuliko zote mtakazowahi kuwa nazo.

MP3 inakuwa ndogo kwa sababu inatupa sehemu ya sauti, ile ambayo sikio haliitambui kwa urahisi. Kwa hotuba au wimbo wa kusikiliza garini haina neno. Lakini doluka ni ngoma, makofi na vigelegele, na hapo ndipo MP3 iliyobanwa sana huumbuka. Vaa visikilizi, sikiliza kofi moja: kabla halijapiga utasikia mchakacho mdogo ambao kwenye WAV haupo. Vigelegele navyo husikika kama vinatoka majini. Ukiifungua faili ya kilobiti 128 kwa sekunde kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, na kuitazama kwa spektogramu, yaani picha ya sauti za chini hadi za juu, mara nyingi utaona sauti zote za juu ya kilohezi 16 hivi zimekatwa, pameachwa peusi. Kilichokatwa hakirudi. Ndiyo maana kugeuza MP3 kuwa FLAC hakusafishi chochote. Unapata faili kubwa yenye sauti ileile iliyopungua. MP3 ulizopewa ziache zilivyo. WMA pia zihifadhi kama zilivyo, programu ya VLC inazicheza. Ukihitaji MP3 kwa ajili ya simu, tengeneza nakala pembeni.

Hizo WAV ndizo za kugeuzwa FLAC. FLAC hubana bila kutupa kitu: ukiifungua unapata sauti ileile, biti kwa biti. Dakika moja ya WAV yenye ubora wa CD inakula takriban megabaiti 10. Ikiwa FLAC, mara nyingi ni 5 au 6. Ni ya bure tangu ilipotoka mwaka 2001, haimilikiwi na kampuni moja, na mwaka 2024 ilichapishwa kuwa kiwango rasmi cha intaneti. Mimi naipendea zaidi jambo jingine: ndani ya kila faili huwekwa alama ya uhakiki, hivyo miaka ikipita programu ya FLAC inaweza kukuambia kama sauti imeharibika au bado nzima. WAV ya kawaida haina ulinzi huo. Mwambie mwanao asipunguze ubora wakati wa kugeuza. Kama WAV ni ya biti 24 (kipimo cha ubora wa sauti), FLAC nayo iwe ya biti 24. Azihakiki FLAC zote, azinakili kwenye diski mbili za nje, ndipo WAV zifutwe. Diski moja ikae kwa ndugu, nje ya nyumba yenu.

Flashi za bei ya kutupa za barabarani Kampala usizitegemee. Nyingine zimeandikwa gigabaiti nyingi kuliko zilizomo, zinapokea faili zote kimyakimya, kumbe za mwisho hazifunguki. Ukinunua, ijaze kwanza kwa H2testw, programu ya kupima nafasi halisi ya flashi, uone. Hifadhi ya mtandaoni inafaa, ila tangu Julai 2021 bando za intaneti kwetu zina ushuru wa asilimia 12, kwa hiyo pandisha kanda tu, MP3 za mitaani ziache. Ukimtumia mtu kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, faili imfikie ilivyo.

Kabla ya yote hayo, kaa na mwanao muandike kwenye kila faili jina la mwimbaji, harusi ya nani, mji na mwaka. FLAC ina nafasi ya maelezo hayo. Asiyejua sauti hizo hataweza kuyajaza. Kanda zenyewe nazo msizitupe, kwani deki nzuri ikipatikana zinaweza kunakiliwa upya.