Kufundisha uimbaji na piano kwa watoto na watu wazima

Ndugu muulizaji, nimeelewa kwamba unapiga kinanda kanisani, umeombwa kufundisha uimbaji na piano nyumbani kwako, na unasita kwa kuwa mwanafunzi mmoja ana miaka 7 na mwingine ni mstaafu.

Usiwaandalie somo moja. Mtoto wa umri huo hutosheka na dakika 30 zenye michezo ya mdundo, na ni vyema mzazi awepo au mlango ubaki wazi, jambo linalokulinda hata wewe. Mstaafu anaweza kumaliza saa nzima, ila aibu humzuia kuliko ugumu wa vidole. Na ikiwa amewahi kuimba kwaya, solfa anayoijua (kuimba kwa do, re, mi) ndiyo daraja lake la kufikia nota zinazoandikwa kwenye mistari mitano, mradi umweleze mapema kwamba "do" huhama kila ufunguo wa wimbo (sauti ya msingi ya wimbo) unapobadilika. Mimi nilichelewa kulieleza hilo, nikampotezea mwanafunzi wangu miezi miwili.

Kinanda cha vitufe 61 kinatosha kuanzia, ingawa anayelenga mitihani ya piano atahitaji chenye vitufe 88 vizito kubonyeza kama vya piano halisi.

Kwenye sauti uwe mwangalifu zaidi. Mvulana anayebalehe mshushie ufunguo wala usimlazimishe kupanda, na mwanafunzi yeyote ambaye sauti imemkauka kwa zaidi ya wiki tatu, au anayeumia anapoimba, msimamishie mazoezi na umwelekeze kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Ada ipokee mwanzoni mwa mwezi.