Shangazi, wananiita mwanamke wa shoka lakini nalia garini

Shangazi, shikamoo. Nina miaka 38, naishi Maryland, Marekani, nahudumia wazee zamu ya usiku. Nyumbani Moshi wananitegemea kwa ada za wadogo zangu na dawa za mama. Wote wananiita mwanamke wa shoka. Ila nikifika kazini nakaa kwanza garini nalia, najifuta uso, ndipo naingia. Silali, kichwa kinauma kila siku, nawafokea wanangu. Kuna siku natamani nilale nisiamke. Mama anasema nizidishe sala. Je, nimerogwa au ni uvivu?
Mama wa Wawili

Marahaba, mwanangu. Hujarogwa, na anayegeuza wagonjwa vitandani usiku kucha hawezi kuitwa mvivu.

Naanza na lile ulilolipitisha upesi: kutamani kulala usiamke. Wazo hilo likikujia, piga 988, namba ya huko Marekani ya kuwasaidia wanaowaza kufa au waliolemewa, au tuma ujumbe kwa namba hiyohiyo. Ni bure, saa yoyote, nchi nzima tangu Julai 2022. Si lazima uwe umeamua kujidhuru ndipo upige. Na leo hii mwambie mtu mzima mmoja aliye karibu nawe, kwa maneno yaleyale uliyoniandikia mimi.

Wengi tunadhani mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, hulala kitandani akilia. Kwa wanawake weusi wengi huja kama ilivyokujia wewe: mwili unauma, hasira ziko karibu, na kazi haisimami hata siku moja. Ndiyo maana hata madaktari hupitwa nayo. Basi ukifika kwa daktari usiseme tu "nimechoka". Mweleze habari ya gari, ya usingizi na ya kutokutaka kuamka. Akupime na presha na damu pia.

Sifa hiyo ya shoka inaniuma. Huko uliko, wanawake weusi wamebebeshwa sifa kama hiyo tangu enzi za utumwa, kana kwamba wao hawaumii. Simone Biles, Mmarekani mweusi bingwa wa jimnastiki, alipojitoa kwenye fainali za Olimpiki Tokyo mwaka 2021 ili kulinda akili yake, wapo waliomtukana. Alitafuta mtaalamu wa kuzungumza naye, na mwaka 2024 alitwaa dhahabu 3 Paris. Wewe sikudai medali, nakutaka uzungumze na mtaalamu kama yeye.

Tovuti ya Therapy for Black Girls, iliyoanzishwa na mwanasaikolojia Joy Harden Bradford wa Atlanta, ina orodha ya wataalamu unayoweza kuitafuta kwa eneo lako. Kabla ya kulipa, waulize ofisi ya utumishi kazini kwako kama wana vikao vya ushauri vya bure. Waajiri wengi wanavyo, na kwa kawaida mazungumzo hayo hayamfikii msimamizi wako.

Sala usiache. Mama mwambie hivi: "Naumwa, nasali na natibiwa." Mwezi huu tuma hela ya dawa zake tu; za ada, wapigie ndugu zako wengine wachangie. Watanung'unika sana, nawajua ndugu. Waache.

Ukishaonana na daktari, niandikie.