Kurasa za Katikati Ndizo Zinazouza

Meza yangu ya kwanza ya kuuza katuni niliipanga kama kabati la vyombo vya wageni. Nakala hamsini, kila moja ndani ya nailoni yake, hakuna iliyokunjika hata ncha. Yalikuwa maonyesho ya wachoraji hapa Nairobi, watu wamefurika, na kila aliyepita alisema, "Wah, kazi safi." Kufikia jioni nilikuwa nimeuza tatu, na moja kati ya hizo aliinunua binamu yangu.

Usiku ule nilimlaumu mteja. Nikasema watu wetu hawapendi kusoma, wanapenda kupiga picha na meza tu. Wewe unayeanza utaisema sentensi hiyo hiyo, nakuhakikishia. Ukishaisema, nenda Jumamosi moja ukasimame karibu na wauzaji wa inama, wale wanaotandaza vitabu kando ya barabara katikati ya jiji. Vitabu viache kwanza. Tazama mikono ya wanunuzi.

Mtu anaona jalada, anainama, anaokota. Anageuza nyuma kidogo, hasomi. Halafu anakiachia kitabu kijifungue chenyewe, na kinafunguka katikati. Ukurasa wa kwanza, ule uliokukosesha usingizi wiki mbili, hata hajauona.

Kwa katuni jambo hili lina sababu ya kiufundi. Nyingi tunazochapisha ni karatasi zilizokunjwa na kupigwa pini mbili mgongoni. Karatasi moja ikikunjwa inatoa kurasa nne, ndiyo maana mwenye mashine atakuambia uongeze au upunguze mpaka idadi igawanyike kwa nne. Kitabu cha kurasa 32 kinapenda kufunguka penye pini, yaani ukurasa wa 16 na 17. Sasa chukua kazi yako uone umeweka nini hapo. Mimi nilikuwa nimeweka wanaume wawili ofisini wakielezana mpango, viputo vya mazungumzo vimejaa maneno hadi pua zao hazionekani. Hapo ndipo duka langu lilipokuwa na mlango, nami nimeuziba kwa kabati.

Kurasa hizo mbili zina zawadi nyingine. Ni karatasi moja iliyolala wazi, kwa hiyo picha inaweza kutambaa kutoka 16 hadi 17 bila kuvunjika. Kwingineko nusu mbili zinatoka kwenye karatasi tofauti, na mkunjo ukiyumba kidogo mkono wa shujaa wako unakatika kiwikoni. Kwa hiyo ile picha kubwa unayoiota, matatu imepinda kona konda akining'inia mlangoni, iweke hapo.

Lakini usiimalize hapo. Ukurasa wa 17 uko kulia, na ili kujua kinachofuata lazima mtu ageuze. Konda amedondosha bahasha, abiria mmoja ameiona, mwingine ameona kwamba ameiona. Basi. Kilichomo ndani kiwe 18. Akishageuza kwa hiari yake, sijui niseme nini, bega lake hushuka, na mkono mmoja unaanza kutafuta mfuko.

Kuna jingine utaliona ukiwa mtulivu. Wakija wawili, mmoja humsomea mwenzake kiputo kimoja kwa sauti. Huo ndio mtihani. Konda wako akisema, "Tafadhali sogeeni mbele, nafasi ingalipo," watacheka, na kicheko chenyewe si kile ulichokitaka. Akisema, "Wawili wa haraka!" wanaendelea kusoma. Kabla ya kupeleka kazi kiwandani mpe mtu asiyekujua asome viputo vyako kwa sauti, nawe unyamaze. Pale atakapojikwaa, futa.

Jalada nalipita haraka maana kila mtu hulizungumzia. Jina lisomeke kutoka ng'ambo ya meza, na mhusika awe anafanya jambo, asisimame tu amekunja mikono.

Swali litakalokushangaza ni hili: "Inaisha?" Halihusu bei wala uchoraji. Msomaji wa hapa ameshaumwa na neno "itaendelea" lisiloendelea. Nami nimo kundini. Toleo langu la kwanza liliachwa hewani, la pili likachukua miezi kumi na minne, na dada mmoja alikuja mezani akaniambia, "Mimi nilishasahau huyu jamaa alikuwa anakimbizwa na nani." Tangu siku hiyo kila kitabu kinafunga kisa chake, hata kama wahusika watarudi.

Halafu kuna anayesoma na anayelipa, na mara nyingi si mtu mmoja. Mtoto ameshikilia kitabu, mama anakichukua, anapekua katikati na mwisho, anauliza, "Kijana wangu, hii haina mambo ya ovyo?" Kama yamo, mwambie yamo na umwonyeshe kingine. Utapoteza mia mbili leo, lakini mama huyo atarudi kwako kabla ya kwenda meza ya jirani.

Wengine watakuuliza kama ni ya bure, na usinune. Kuanzia 2010 katuni ya vijana iitwayo Shujaaz iligawiwa bila malipo, kwanza ndani ya gazeti, na wengi walio na miaka ishirini na kitu sasa walikua nayo mikononi. Kwao katuni ni kitu unachopewa. Usijaribu kushindana na bure kwa kushusha bei. Utaumia, na hutashinda. Weka bei ya noti moja, andika namba ya M-Pesa kubwa kabisa, kisha rudi kwenye ukurasa wa 17.

Siku hizi nailoni nazivua kwa nakala mbili tatu na kuziacha wazi, yeyote ashike. Moja ninayo tangu maonyesho ya mwaka juzi, imelainika kama leso, ina alama ya kidole chenye mafuta ya mutura. Jioni naikagua kama daktari anavyoangalia ulimi. Mwanzoni ukurasa wa 5 ulikuwa mchafu na wa 6 mweupe kabisa: watu walifika pale wakafunga. Niliuchora upya wa 5, nikapunguza viputo vitatu, nikamwondoa mjomba mmoja aliyekuwa akitoa mawaidha. Kwenye chapa ya pili uchafu umefika 11.