Muulize Mwalimu: A zote sita, halafu kata

Heri ya mwaka mpya wasomaji wangu. Tangu orodha ya waliochaguliwa form one itoke simu yangu haina raha, meseji zinaingia mpaka saa sita usiku, na nyingi zinauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti, eti hizi nafasi za shule nzuri zinatolewa kwa haki au kuna mchezo. Nimechagua chache, wengine mnisamehe, gazeti lina kurasa zake.

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu niko Kilosa nauza vitumbua. Binti yangu kapata A masomo yote sita, tukachinja na kuku, orodha ilivyotoka kapangiwa shule ya kata ya hapahapa kwetu. Mtoto wa jirani wamesoma darasa moja, na yeye A zote sita, kapelekwa Kilakala. Baba yake anafanya kazi halmashauri. Mwalimu niambie ukweli, hapa hakuna mkono wa mtu?*

Marahaba mama, na hongera kwa hizo A, usiache huyu baba wa halmashauri akuharibie sherehe.

Sasa tukae chini tupige hesabu. Kila somo mtihani wa darasa la saba una alama 50, masomo sita jumla 300. A inaanzia 41. Kwahiyo mtoto aliyepata 41 kila somo ana 246 na anaandikiwa A zote sita, na aliyepata 50 kila somo ana 300 naye anaandikiwa A zote sita. Kati yao kuna alama 54, yaani zaidi ya somo zima, lakini wewe mzazi ukiingia kwenye tovuti ya NECTA, baraza la mitihani, unachokiona ni herufi tu, A A A A A A, hao watoto wawili wanaonekana mapacha. Binti yako anaweza kuwa na 258 na wa jirani 287 na usijue maisha yako yote.

Na shule zenyewe ziko ngapi? Zile za wenye ufaulu wa juu kabisa, tulizozoea kuziita vipaji maalum, kwa wavulana watu wanazitaja Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Tabora Boys, wasichana Kilakala, Msalato na Tabora Girls, ukizihesabu kwa vidole vinabaki. Halafu zinafuata za ufundi kama Ifunda na Tanga, halafu bweni za kawaida, halafu kundi kubwa lote lililobaki linaingia shule za kata. Nchi nzima inagombea vitanda hivyo vichache, A zinakuwa nyingi kuliko magodoro.

Kwahiyo mama ukiniuliza kuna mkono wa mtu, jibu langu ni kwamba siwezi kusema upo na siwezi kusema haupo, na hapo ndipo ninapokasirika mimi. Kwa sababu mfumo unaoficha alama unamfanya kila baba anayefanya kazi halmashauri awe mwizi mpaka athibitishe vinginevyo, na yule binti wa jirani ambaye pengine alikesha na kibatari anasoma, anaenda Kilakala na maneno ya mtaa mgongoni. Dawa yake ni mstari mmoja tu kwenye tangazo la TAMISEMI, wanaopanga watoto shule: shule fulani, mkoa fulani, mtoto wa mwisho kuchukuliwa alikuwa na alama kadhaa. Hakuna jina la mtu hapo. Mzazi apewe alama za mwanae, alinganishe, akalale.

Kuna watakaonijibu kwamba NECTA yenyewe Januari 2023 iliacha kutangaza kumi bora, shule na watahiniwa, sasa mimi nataka turudi kulekule? Hapana, ile kuiacha niliiunga mkono, ilikuwa imeshageuka tangazo la biashara, shule zinabandika sura za watoto kwenye mabango barabarani. Mimi nazungumzia alama ya kukatia, sio mashindano ya urembo.

Na kwa wale wanaoniandikia eti zamani ilikuwa haki tupu, ngoja niwakumbushe kidogo. Hiyo Tabora mnayoisifia ilianza miaka ya 1920 kama shule ya watoto wa machifu na wakubwa, ndivyo Mwingereza alivyotaka. Nyerere aliingia pale 1937, kichwa alikuwa nacho hilo halina ubishi, lakini pia alikuwa mtoto wa chifu Burito. Baada ya uhuru ukaja mgao wa mikoa na wilaya ili wa Kilimanjaro na Kagera wasijaze sekondari zote, kule wamishonari walishajenga shule zamani. Wazazi wa Moshi walinuna sana, mtoto wao anaachwa na alama ambazo pengine zingempeleka mbele. Haki ya nani hapo? Mimi mgao naukubali mpaka leo, lakini naukubali kwa sababu ulikuwa unajulikana, mtu ananuna akijua ananunia nini.

Mama wa Kilosa, wewe nenda kwa mwalimu mkuu kwanza, halafu kwa afisa elimu msingi pale wilayani, peleka barua, omba ufafanuzi wa alama za mwanao, usimtaje jirani hata kidogo. Na huyo binti aende kata Januari hii hii na sare yake, asikae nyumbani kusubiri miujiza. Form five kuna uchaguzi mwingine, Kilakala inachukua tena, na wale wa kata wakipasua wanaingia mlango wa mbele.

*Mwalimu habari. Kuna jamaa kanipigia anasema yuko TAMISEMI Dodoma, ananijua jina na jina la mtoto na shule aliyopangiwa, anataka laki nane ambadilishie aende Mzumbe, nusu sasa nusu jina likitoka. Nimetuma? Baba, Tabata.*

Hujatuma na hutatuma. Jina la mtoto na shule yake analijua kwa sababu orodha iko wazi mtandaoni kila mtu anaisoma, hata mie nakujua. Huyo yuko gesti mahali na laini kumi. Na hebu tuseme ni kweli yuko ofisini, basi kwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 wewe unayetoa una kesi sawa na yeye anayepokea. Piga 113, ni TAKUKURU, bure. Kilichoniuma zaidi ni hilo swali lako, "nimetuma?", ni kama ulishaweka hela kwenye simu.

*Naomba jina lihifadhiwe. Ni mwalimu wa darasa la saba. Mwaka jana mkuu wangu alituita kabla ya mtihani akasema kata yetu imeshika mkia miaka miwili, kila mtu "asaidie" kwa nafasi yake. Mimi sikusaidia ila sikusema pia. Shule imefaulisha sana na watoto wawili wamechaguliwa vipaji. Nalala vibaya.*

Mwalimu mwenzangu, barua yako nimeisoma mara nne.

Mimi nimesimamia mtihani huu miaka mingi kabla ya kustaafu. Mwaka mmoja shule moja ya ng'ambo ya mto, tunavuka kwa mtumbwi na bahasha mapajani askari kakaa nyuma yetu, nikamkuta mtoto dawati la tatu ana penseli ya HB imechongwa vizuri kabisa, mimi nazungusha shingo narudi kumwangalia, hajafungua hata ukurasa wa pili wa karatasi ya maswali na ameshasheidi karibu yote 40. Anasheidi haraka haraka, midomo inacheza, C A A D B, kama anasali rozari. Nikamwinamia nikamuuliza taratibu, swali la kwanza linasemaje? Akanitazama. Machozi yakamtoka pale pale. Yule mtoto nilikuja kugundua hajui kusoma, alikariri herufi 40 alizopewa asubuhi nyuma ya choo. Nikaandika ripoti. Wenzangu wa ile shule hawakunipa hata maji ya kunywa siku ile na kurudi nilitafuta mtumbwi mwenyewe.

Nakueleza hivi ili ujue najua bei yake. Mwaka 2011 watoto 9,736 walifutiwa matokeo ya darasa la saba nchi nzima, mwaka uliofuata ndio zikaja karatasi za kusahihishwa na kompyuta, waliofutiwa wakashuka mpaka 293. Lakini karatasi haimzuii mkuu wa shule. 2018 si unakumbuka, Dkt. Msonde, katibu mtendaji wa NECTA wakati ule, alitangaza kufuta matokeo ya shule zote za msingi za halmashauri ya Chemba na za shule kadhaa sehemu nyingine, watoto wakarudia Oktoba 8. Hebu fikiria mtoto wa Chemba aliyesoma kwa jasho lake, hajaona pepa, hajasikia kitu, anaitwa arudie kwa sababu watu wazima wa wilaya wameshindwa kujizuia. Na 2012 hiyohiyo sekondari zilijikuta na form one zaidi ya 5,000 wasiojua kusoma na kuandika, walimu wa kule wakawa wanatuuliza sisi wa msingi hawa mliwapitishaje. Tulikuwa tunatazama chini.

Sasa wale wawili waliochaguliwa. Huenda wana kichwa chao na wangeingia hata bila msaada, wewe uliyewafundisha ndiye unayejua. Kama unajua hawakustahili basi kuna wawili wengine katika mkoa wenu wako kata leo kwenye viti vyao, na hao hawajui wala hawatakuandikia barua. Sikwambii ukamburuze mkuu wako kesho, una watoto na uhamisho wa adhabu unaujua ulivyo. Ila Septemba hii itakuja, na kikao kile kitaitishwa tena, na safari hii andika tarehe, nani alikuwepo, maneno yaliyosemwa, upeleke NECTA moja kwa moja, sio kwa afisa elimu kata, yeye ndiye anayeshika mkia pamoja na mkuu wako.

*Shikamoo mwalimu, mdogo wangu wa kike alikuwa wa kwanza darasani tangu la tatu, matokeo kafeli, D na E tupu. Nimembana kanambia baba alimwambia achore chore tu asifaulu, kuna mtu ameshaleta ng'ombe. Niko Mwanza nafanya kazi za ndani, nyumbani ni Bariadi. Nifanyeje?*

Marahaba mwanangu. Huu nao ni wizi wa mtihani, ila wenyewe hauandikwi magazetini kwa sababu aliyeibiwa ndiye aliyeshika penseli.

Huyo mtu wa ng'ombe, kama mdogo wako bado anahesabika mwanafunzi, mwambie baba kwa upole kwamba Sheria ya Elimu ilirekebishwa 2016, kumuoa mwanafunzi au kumpa mimba ni miaka 30 jela. Usimtishie, mwambie tu kama habari uliyoisikia redioni. Kama hasikii, kuna afisa ustawi wa jamii wilayani na dawati la jinsia polisi. Shule nayo haijaisha, kuna njia ya QT, anasoma kituo cha jioni, anafanya mtihani wa maarifa wa NECTA halafu anafanya form four kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ni ndefu na ina gharama, ila mtoto wa kwanza darasani anaiweza. Kama unaweza kumleta Mwanza kwako, mlete mwezi huu. Nitumie namba yako inbox, nina wanafunzi wangu wa zamani hapo wanafundisha QT.

*Mwalimu za kazi. Tulinunua fomu ya shule moja ya private inayosifika, mtoto kafanya intavyuu, tukaambiwa "hajafikisha", alama hawatoi. Rafiki yangu mtoto wake mwenyewe alituambia kaacha maswali mengi wazi, kaitwa, baba yake alipeleka saruji ya bweni. Hii ni sawa? Mama, Mbezi.*

Sio sawa, na sio kosa la jinai pia, hapo ndipo penye ugumu. Shule ni yao. Lakini anayeuza fomu kwa umati wa watu huku nafasi zingine zimeshakaliwa na saruji anauza kitu ambacho hana. Mwakani kabla hujatoa hela waulize mlangoni: nafasi ngapi, mnaosahili wangapi, matokeo mnabandika ubaoni au mnapiga simu? Wakianza kucheka cheka, rudi na hela yako.

Ningeishia hapo, ila itakuwa unafiki. Miaka mitatu iliyopita mjukuu wangu alifanya intavyuu shule moja ya namna hiyo, akakosa. Mimi mwenyewe, huyu huyu wa kurasa hizi, nikampigia simu mwalimu mmoja wa pale ambaye nilimfundisha darasa la nne. Sikumwomba kitu, nilimsalimia tu nikamwambia kijana kasononeka. Wiki iliyofuata tukaitwa. Kwenye ubao wa matangazo palikuwa na majina 80 yamechapwa kwa kompyuta, na chini kabisa namba 81 imeandikwa kwa kalamu ya bluu. Nililipa ada siku ile ile. Sasa hivi yuko form three, anafanya vizuri, na mpaka leo sijawahi kuuliza kama lile lilikuwa godoro la ziada au la mtoto wa mtu.