"Put off" kwenye meseji ya mgeni: ameahirisha au amefuta?

Mdau, meseji uliyobandika inasema: "We have to put off our climb because of work. The altitude doesn't put us off." Unauliza kama safari imekufa, na kwa nini neno lilelile limerudi mara mbili. Safari haijafa, hivyo usianze kurudisha hela ya watu.

Naongoza watalii Kilimanjaro na neno hili nalisikia kila msimu. Hapo mwanzo limebeba maana ya kuahirisha: safari imepigwa kalenda. Angefuta kabisa, angeandika "call off" au "cancel". Anayesema "put off" kwa kawaida nia bado anayo, kwa hiyo muulize tarehe mpya leo hii: "Until when would you like to put it off?" Angalia "it" ilivyokaa katikati. "Put off it" haisemwi kabisa. Na kikifuata kitenzi, kinachukua -ing: "they put off booking the flight", wala si "put off to book".

Sentensi ya pili ni habari nyingine. Kitu kikim-"put off" mtu, kimemwondolea hamu au kumtia woga hadi anataka kurudi nyuma. Huyu wako anasema urefu wa mlima haumtishi.

Sisi wa njia ya Machame hili linatukuta Barranco. Mnaingia kambini jioni, mita 3,900 na ushee, mgeni anainua macho anauona ule ukuta wa mawe anaotakiwa kuupanda asubuhi, anapoa ghafla. Namwambia: "Don't let it put you off." Usikuvunje moyo, kesho tutaupanda polepole, mkono kwa mkono. Sasa ukiteleza ukamwambia "Don't put it off", umemwambia asiahirishe, na yeye wala hajaomba kuahirisha! "It" na "you" ndizo zinazoamua maana, kwa hiyo zifanyie mazoezi kwa sauti hadi mdomo uzoee.

Kuna matumizi mengine ambayo kwa kazi yetu nayaona ya muhimu kuliko yote. Mgeni akisema "The smell put me off my dinner", harufu imemtia kinyaa, labda hema la chakula liko karibu na choo. Lihamisheni, atakula. Lakini akisema tu "I'm off my food", bila "put" na bila kutaja sababu, maana yake hamu ya kula imemtoka. Kule juu hiyo ni moja ya dalili za ugonjwa wa mwinuko. Usimbembeleze kwa supu ukaishia hapo. Muulize habari ya kichwa, kichefuchefu na usingizi, kisha mjulishe kiongozi mkuu wa msafara usiku huohuo, kabla hamjapanga kupanda zaidi.