Maswali ya Wasomaji: Ndege wa Ardhioevu, Darubini na Kamera

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa watu wenye bwawa, kinamasi au mlango wa mto karibu na kwao. Zilizofanana nimeziunganisha, na ndefu nimezifupisha.

Nikiwa bado mbali, yangeyange wameshapaa. Navaa kijani, natembea polepole, na bado wananikimbia. Nifanyeje?

Nguo si tatizo kubwa. Epuka nyeupe inayong'aa, basi. Kinachowashtua ni mtu anayewajia moja kwa moja huku amewakazia macho, kwa sababu hivyo ndivyo anavyokuja mwindaji. Tembea mshazari kana kwamba unawapita tu, simama mara kwa mara, tazama chini.

Halafu jifunze kusoma dalili. Ndege hapai ghafla kama tunavyodhani. Kwanza huacha kula na kuinua kichwa. Shingo hunyooka. Anaweza kuanza kutembea akikupa mgongo, na wengi hunya kabla tu ya kuruka. Ukiona shingo imenyooka, ujue umefika mwisho wa umbali unaoruhusiwa, hapo simama. Akiona husogei, mara nyingi atarudi kula baada ya muda.

Lakini njia bora ni kutomfuata kabisa. Fika kabla ya jua kuchomoza, chagua sehemu wanayolishia, keti chini, na uwaache waje wenyewe. Mtu aliyeketi ni mfupi, hasogei, na baada ya muda ndege humhesabu kama kisiki. Picha nazo zinakuwa nzuri zaidi, kwa kuwa lenzi iko usawa wa jicho la ndege badala ya kumtazama kutoka juu. Gari pia ni kijificho kizuri: ndege wengi humvumilia mtu aliye ndani ya gari kuliko yuleyule akishuka. Zima injini tu, mtetemeko unaharibu picha.

Kuna wanaolirusha kundi makusudi ili wapate picha ya mabawa. Naomba tuache. Ndege wahamaji wanaolishia matopeni wanajaza mafuta ya safari. Mwaka 2022, ndege mchanga wa jamii ya chamchanga na sululu, *Limosa lapponica*, aliyevalishwa kifaa cha kufuatiliwa kwa setilaiti, aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania: takriban kilomita 13,560 kwa siku 11 bila kutua. Safari ya namna hiyo hulipiwa kwa minyoo na kaa waliotolewa matopeni mmoja mmoja. Kila unapomrusha bila sababu, unamchotea akiba yake, na muda wa kula anaupoteza.

Nina simu tu. Ninunue kwanza kamera au darubini?

Darubini, bila kusita. Kamera itakufanya uwaze kamera. Darubini itakufanya umtazame ndege. Ukiona imeandikwa 8x42, namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, na ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Wanaoanza hukimbilia 10x au 12x wakidhani kubwa ndiyo bora. Ukuzaji ukiongezeka, mtikisiko wa mikono nao unakuzwa, na eneo unaloona linapungua, kwa hiyo ndege anakupotea kwenye matete kabla hujamlenga. 8x inamtosha mtu wa bwawani.

Na simu usiidharau. Programu ya bure ya Merlin, ya maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell, inasaidia kutambua ndege kwa picha na, katika sehemu nyingi, kwa sauti. Ichukulie kama rafiki mwenye makisio mazuri. Hakikisha mwenyewe kwa macho.

Yangeyange wangu wanatoka kama karatasi nyeupe, manyoya hayaonekani. Kamera mbovu?

Kamera ni nzima. Haijui kwamba mbele yake kuna ndege mweupe. Inapima mwanga wa fremu na kujaribu kuufanya wa wastani. Yangeyange akiwa mbele ya matete yenye kivuli, kamera inaona giza, inaongeza mwanga, na ndege anaungua. Punguza fidia ya mwanga (mpangilio wa +/- kwenye kamera) hadi -1, wakati mwingine zaidi. Akiwa angani mbele ya wingu jeupe, mambo yanageuka: kamera inapunguza mwanga na ndege anakuwa mweusi, hivyo ongeza +1. Washa onyo la sehemu zilizoungua kwenye kioo cha kamera, na piga kwa RAW (faili ghafi ambalo kamera haijalichakata), kwa kuwa inahifadhi maelezo mengi zaidi ya kurekebisha baadaye. Weupe ulioungua kabisa haurudi hata kwa RAW.

Saa nayo ina neno lake. Adhuhuri hakuna mpangilio utakaokuokoa. Jua la utosini linaunguza mgongo na kutia giza tumboni. Wakati huo weka kamera chini, chukua darubini.

Picha za ndege akiruka zinatoka na ukungu. Mipangilio gani?

Anza na shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) ya 1/2000 ya sekunde, fokasi ya kufuatilia, na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ijipange yenyewe. Chembechembe za ISO kubwa zinasafishika. Ukungu wa mwendo hausafishiki. Korongo na mwari wanaopiga mabawa taratibu wanaweza kuridhika na 1/1000, ila mdiria anayepiga mbizi atakudai 1/3200 au zaidi.

Jambo ambalo vitabu vya kamera havilisisitizi vya kutosha ni upepo. Ndege wa majini hupenda kupaa na kutua wakielekea upepo. Simama ukiwa umeupa upepo na jua mgongo, nao watatua wakikutazama, wakiwa na mwanga usoni. Siku ambayo upepo na jua vinatoka upande mmoja, usibaki nyumbani.

Wale wadogo wa rangi ya udongo wanaokimbia matopeni wananichanganya. Nawatofautishaje?

Wanamchanganya kila mtu. Usianze na rangi, maana hubadilika kwa msimu na umri. Tazama anavyokula. Anayekimbia, akasimama ghafla, kisha akadonoa mara moja, anatafuta kwa macho; atakuwa na macho makubwa na mdomo mfupi, ni wa jamii ya kiluwiluwi (ndege, si mtoto wa chura). Anayechoma tope mfululizo kama cherehani anatafuta kwa kupapasa, na ncha ya mdomo wake ina hisi kali. Huyo ni wa jamii ya chamchanga. Kisha linganisha urefu wa mdomo na upana wa kichwa, halafu miguu. Midomo ya urefu tofauti hufikia wadudu wa vina tofauti, ndiyo maana aina nyingi zinalisha pamoja bila kugombana sana.

Kama uko pwani, nenda maji yakijaa. Tope linapopungua, ndege wanasukumwa karibu na wewe.

Nimegundua kiota kwenye mafunjo. Naweza kupiga picha na kuzisambaza?

Hapana. Ondoka. Mzazi akikaa mbali kwa kukuogopa wewe, mayai yanaungua juani au yanapoa, na njia uliyoifyeka kwenye mafunjo inamwonyesha kunguru na nyoka pa kupita. Kupiga sauti ya ndege kwenye simu ili ajitokeze wakati wa kutaga ni vilevile: unamwita kupigana na mpinzani asiyekuwepo.

Kuna faida yoyote nikihesabu tu ndege wa bwawa letu?

Kubwa. Sensa ya Kimataifa ya Ndege wa Majini inafanyika tangu 1967, hasa mwezi Januari, na inategemea sana watu wa kujitolea. Chini ya Mkataba wa Ramsar wa 1971, wa kimataifa wa kuhifadhi ardhioevu, ardhioevu inaweza kutambuliwa kuwa muhimu kimataifa ikiwa kwa kawaida inahifadhi ndege wa majini 20,000 au zaidi, au asilimia 1 ya idadi ya spishi moja au nususpishi. Bila mtu wa kuhesabu, vigezo hivyo havithibitiki. Kundi likiwa kubwa, hesabu kumi, kariri ukubwa wa fungu hilo machoni, kisha pima kundi zima kwa mafungu. Andika tarehe, saa na kiwango cha maji, hata siku uliyoona wachache.

Kwa nini mnandi husimama ametandaza mabawa?

Anayakausha. Sehemu ya nje ya manyoya yake hulowa, tofauti na bata, na hilo linampunguzia kuelea anapozama kufuata samaki. Mpige picha ukiwa upande wa pili wa jua, mwanga upenye kwenye mabawa. Hapa nakuruhusu kuvunja kanuni ya kulipa jua mgongo.